Fungua Fomu, Angalia Tarehe

Juzi nilikaa pembeni kumsikiliza kijana mmoja wa ofisini kwetu, mshauri wa fedha kama mimi, akimhudumia mama aliyefiwa na mumewe wiki tatu tu zilizopita. Mama hajakaa vizuri kitini, kompyuta imeshageuziwa upande wake, grafu inapanda kama ngazi. Kijana anaeleza namna fedha za bima zinavyoweza kuanza kufanya kazi mara moja. Mama anaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yapo kwenye kalamu iliyo mezani. Sikumlaumu sana kijana. Miaka kumi na tisa iliyopita kijana yule nilikuwa mimi, hadi namna ya kuigeuza kompyuta.

Mzee aliyenifundisha kazi hii tulimzika mwaka jana. Angekuwepo, angebisha hodi, angeomba radhi kwamba ameingia chumba kisicho chake, kisha angetoka na kompyuta kwapani. Mimi aliwahi kunifanyia hivyo, mteja akacheka, mimi nikabaki na daftari. Basi kwa kuwa hayupo, na kwa kuwa nyinyi mlioanza mwaka huu mnarudia makosa yetu yote kwa mpangilio uleule kana kwamba mmeyakariri, acha niandike. Nitaweka namba ili nionekane nina nidhamu.

1. Mfiwa hana haraka. Mwenye haraka ni wewe na lengo lako la robo mwaka. Miezi ya mwanzo hakikisha madai ya bima yamewasilishwa, madeni ya lazima yanalipwa, na hakuna mtu anayemsainisha chochote. Kwenye orodha ya watu hao, jina lako liwe la kwanza. Fedha zikae mahali salama, hata pakiwa pa kuchosha.

2. Dodoso la kupima uwezo wa kustahimili hasara linapima hali ya hewa ya siku lilipojazwa. Wateja wangu waliojaza mwaka 2007 walijiandika simba wote. Ilipofika Oktoba 2008, benki ya Marekani ya Lehman Brothers imeshaanguka mwezi uliotangulia, simba wale wakawa wananipigia usiku wakitaka kuuza kila kitu. Mzee hakuliamini dodoso hata siku moja. Yeye alikuwa akimuuliza mteja: "Theluthi ya fedha hizi ikiondoka, nyumbani utamwambia nani kwanza, na utaanzaje?" Mtu akinyamaza hapo, Mzee anapunguza hisa na kuongeza hati fungani, yaani fedha unazoikopesha serikali au kampuni kwa riba, bila mjadala.

Mwaka ule ule nilimwona akiwapigia wateja kabla wao hawajapiga, akianza na wenye fedha kidogo. Nikamuuliza kwa nini haanzi na wakubwa. Akasema mkubwa ana watu wengi wa kumpigia. Na katikati ya mtafaruku huo, ikifika saa kumi na moja na nusu jioni anachukua koti lake anakwenda nyumbani kusimamia mazoezi ya shule ya watoto wake. Mimi nilibaki hadi usiku nikitazama namba nyekundu. Sikumwokolea mteja hata senti moja kwa kuzitazama.

3. Ada. Uwekezaji ukikua kwa asilimia 7 kwa mwaka na ada ikachukua 1, baada ya miaka 30 karibu robo ya fedha ambazo mteja angekuwa nazo imekwenda. Ifanye hesabu hiyo kwa mkono mbele yake, hata kama ada yenyewe ni yako.

4. Wanufaika, yaani walioandikwa kulipwa mteja akifariki. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na mteja, dereva wa magari ya masafa marefu, mtu wa utani mwingi. Bima ya maisha na pensheni alizifungua akiwa hajaoa, akamwandika kaka yake. Baadaye akaoa, wakapata watoto wawili, akaandika wosia mzuri kabisa: kila kitu kwa mke na watoto. Nakala akaniletea mwenyewe. Nikaipiga muhuri, nikaiweka kwenye faili, nikamwambia amefanya jambo ambalo wengi hulikimbia. Nyinyi mnajua tatizo liko wapi. Kwa kawaida bima na pensheni hulipwa kwa jina lililo kwenye fomu, wosia useme utakavyosema.

Fomu yetu ya mapitio ya mwaka ilikuwa na mstari unaosema "wanufaika wamehakikiwa". Niliuwekea tiki miaka mitatu mfululizo bila kuifungua ile fomu ya uteuzi hata mara moja. Sikuwa mvivu, tafadhali. Nilikuwa na bidii sana. Bidii yote ilikuwa kwenye kurasa za mwisho za mapitio, ambako nilikuwa namuuzia bima ya nyongeza, maana robo mwaka inafungwa na jina langu liko chini ubaoni. Mwaka wa tatu, tumeshasimama, anatafuta funguo zake, akauliza: "Yale makaratasi ya zamani yako sawa?" Nikamjibu: "Yako sawa." Maneno mawili. Nikamshika bega kabisa.

Alifariki miezi saba baadaye. Mkewe alikuja na wosia ndani ya bahasha ya plastiki, ameutunza usipate hata mkunjo. Nilifungua fomu yeye akiwa ameketi mbele yangu. Jina la shemeji yake, kwa mwandiko wa mumewe, tarehe ya miaka kumi na moja nyuma. Nikasema nahitaji kuthibitisha jambo fulani, nikatoka nje, nikasimama chooni.

Kaka mtu hakuiba kitu. Alilipwa kilichokuwa na jina lake. Alikuwa na madeni, akampa mjane sehemu kidogo, kisha simu yake ikawa haipokelewi.

Usiku ule niliandika barua, ukurasa mmoja na nusu, imejaa "kwa mujibu wa masharti" na "mteja alishauriwa". Asubuhi nikampelekea Mzee aipitie. Aliisoma yote, akafungua faili, akaweka kidole kwenye zile tiki tatu.

"Hizi za nani?"

"Zangu, Mzee."

"Sasa barua ya nini?"

Tukaenda pamoja kwa yule mama. Nilidhani Mzee amekuja kunisaidia kuzungumza. Alisalimia, akaketi, hakutia neno tena. Ikabidi niseme mwenyewe kwamba niliweka tiki bila kuangalia, na kwamba mumewe aliniuliza nikamjibu yako sawa. Mama hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu: kurekebisha fomu ile kungechukua muda gani.

Nikamwambia dakika kumi.

Akaurudisha wosia kwenye bahasha yake, polepole, akihakikisha haukunjiki.

Njiani Mzee hakunipa pole. Kesho yake aliliripoti kosa langu kwa kitengo cha usimamizi, kwa jina langu na lake, na dai likafunguliwa kwenye bima ya dhima ya kampuni, ile inayomlipa mteja aliyeumizwa na kosa letu. Lilichukua miezi kumi na minne na likalipa sehemu tu. Katikati ya kipindi hicho nilikuta stakabadhi imesahauliwa kwenye mashine ya kunakili: karo ya watoto wawili, majina ninayoyajua. Nikampelekea. Aliitazama kama mtoto aliyekamatwa, kisha akakasirika. "Umeshaona. Basi kuanzia muhula ujao nusu ni yako, na mdomo wako ufunge." Nililipa nusu hadi wa pili alipomaliza shule. Mdomo ndio huu naufungua leo.

5. Fedha za dharura za miezi mitatu hadi sita kwanza, uwekezaji baadaye. Mtoto mdogo asiandikwe mnufaika bila kupanga nani atamshikia fedha. Neno "uhakika" lifute kwenye msamiati wako; faida inayopanda kila mwezi bila kuyumba ndiyo iliyowafurahisha wateja wa Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani, hadi alipokamatwa Desemba 2008.

6. Au ni saba? Msimgeuze Mzee malaika. Tangu afariki nasikia watu wanamsimulia kana kwamba hakuwahi kukosea hesabu. Alikuwa na ugonjwa mmoja wa kitaaluma: kudhamini mikopo ya watu. Mteja akimuuliza kuhusu udhamini, alimjibu kwamba huo ni mkopo unaouchukua bila kupewa fedha. Yeye mwenyewe akisikia mtu mwenye watoto amekwama, kalamu iko mkononi. Wiki ya pili baada ya mazishi Mama, mke wa Mzee, alinipigia: "Hebu niambie, huyu mtu wenu aliwadhamini wangapi?" Tulipata wawili. Mmoja alikuwa amemaliza kulipa. Wa pili tunahangaika naye hadi sasa, na Mama akimtaja hutumia maneno nisiyoweza kuyaandika.

Mengine yote yalikuwa kwenye jalada moja la kijani. Ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake: nani apigiwe simu, kwa mpangilio, namba za bima, wapi kuna ufunguo. Chini yake: "Usisaini kitu kipya kabla ya miezi sita, hata akikuletea huyu niliyemfundisha." Huyo ni mimi. Nyuma kulikuwa na fomu za uteuzi, na kwenye kila moja ameandika pembeni kwa penseli tarehe aliyoihakiki, siku ileile kila mwaka. Mama aliitambua kabla yangu. Ni siku yake ya kuzaliwa. Kumbe asubuhi zile zote alizomnunia kwa kujifungia na makaratasi kabla ya kumpongeza, alikuwa anafanya hilo.

Kijana wa juzi: kompyuta yako iko mezani kwangu. Ukija kuichukua, njoo na faili la yule mama.