Kabla hujakilaumu kitabu cha mapishi

Mtu akitaka kujifunza vitamutamu vya kwetu pwani, mimi humwanzishia kwenye shira. Keki baadaye. Shira ni sukari na maji tu, lakini ndiyo inayoamua kama visheti vitakauka na kupata ule weupe wake, au vitanata mikononi mpaka wageni waombe maji ya kunawa.

Nililijua hilo kwa uchungu. Mwaka wa kwanza nikiwa kwangu, siku mbili kabla ya Idi, nilifuata kitabu kilichosema tia maji ya ndimu kwenye shira. Visheti vilitoka kwenye mafuta vizuri kabisa. Nikavimimina kwenye shira, nikageuza, nikageuza, sukari haikuganda. Asubuhi vilikuwa bado vimelowa, na unga kilo nzima umeshakwenda. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ukali wa ndimu unaivunja sukari isishikane tena kuwa chembe. Kitabu kile kilikuwa cha vitamutamu vya Kiarabu, na basbusa inataka shira isiyoganda ili iinywe. Kwa visheti ni kinyume chake. Chukua sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja, chemsha hadi tone ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada livute uzi. Tia hiliki na visheti, epua, kisha geuza bila kupumzika mpaka usikie vinagongana kama kokoto.

Tangu siku ile, kitabu chochote nikikifungua najiuliza kwanza kimeandikiwa jiko la wapi. Cha Marekani kitakuambia oveni 350, na hiyo ni Farenhaiti, yaani kama 180 kwenye oveni zetu. Cha Uingereza kitataka unga uliokwisha changanywa na bekingi poda. Usipoupata, gramu 150 za unga wa ngano wa kawaida na vijiko viwili vya chai vya bekingi poda vinatosha. Na vyote viwili vitakuambia siagi iwe "ya joto la chumbani". Chumba chao ni nyuzi 20 hivi. Jikoni kwangu Tanga mwezi wa Februari ni zaidi ya 30, na siagi iliyokaa mezani nusu saa imeshakuwa mafuta. Siagi ya namna hiyo haishiki hewa unapoipiga na sukari, keki inatoka nzito, na watu wanalaumu mayai. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, anza kupiga ikiwa bado baridi kidogo.

Vitabu vya mapishi ya pwani navipenda kuliko vyote, na ndivyo vinavyonisikitisha zaidi. Mapishi ya mkate wa kumimina utaambiwa "tui kiasi", "hamira kidogo". Kiasi gani? Mkate huu haukubali kukisiwa. Mchele uloweke usiku kucha, uchuje maji yote, usage na kasimile, yaani lile tui zito la kwanza, tena kwa kuliongeza kidogo kidogo, mpaka upate uji mzito unaodondoka taratibu kwenye mwiko. Ukizidisha tui, mkate unaumuka vizuri kisha unabonyea katikati. Sukari mimi naitia baada ya kuumuka, kwa kuwa sukari nyingi huchelewesha hamira. Halafu ute wa yai, sufuria iliyokwisha pata moto na mafuta, mfuniko, moto mdogo. Juu, bibi yangu alikuwa anapalia makaa kwenye mfuniko. Oveni inafanya kazi hiyo, ila washa moto wa juu mwishoni tu, mkate ukishajishika.

Halua sikushauri uianze peke yako. Ni kukoroga kwa saa mbili na zaidi bila kuacha mwiko, na wanga ukishika chini huna la kuokoa. Nunua kwa anayeijua, unywe na kahawa chungu.

Ninachokuomba kwa dhati ni ununue mzani mdogo wa jikoni, hata ule wa bei nafuu, uende nao kwa mama yako, shangazi au bibi. Usimwambie akupe vipimo, maana atakujibu "tia tu mwanangu, utaona mwenyewe". Weka bakuli juu ya mzani, yeye atie kwa mkono wake kama kawaida yake, wewe andika. Nilifanya hivyo na mama yangu mwaka jana, siku aliyokuwa akipika mkate wa kumimina. Kikombe chake cha bati, kile anachokiita kibaba, kilibeba mchele gramu 610. Konzi yake ya sukari ilikuwa gramu 62. Nikamwomba achote tena, ikawa 63.