Re: Kutoa rangi nzito kwenye Impala ya AMT bila kuyeyusha bodi

Habari ndugu. Unataka kutoa rangi ya brashi kwenye Impala ya AMT ya miaka ya 1960 (gari dogo la plastiki la kuunganisha mwenyewe), na unauliza kwa nini kioo kimepata makovu pale tairi zilipolalia.

Kwanza angalia bampa. Kama kromu bado inang'aa, ing'oe na uiweke kando kabisa, maana dawa nyingi za kutoa rangi huila. Gundi ya zamani ikikataa kuachia, weka gari kwenye friza saa chache, kisha pinda kiungo taratibu. Vioo navyo vitoe, hupasuka nyufa ndogondogo vikiloweshwa.

Thina na asetoni usiziguse! Bodi ni plastiki ya polistirini, itayeyuka. Mimi huanza na alkoholi ya isopropili, mbali na moto: jaribu upande wa ndani, kisha loweka usiku kucha na usugue kwa mswaki laini. Rangi ya mafuta (enameli) ikikaidi, nahamia mafuta ya breki ya DOT 3, kwa glavu, nikikagua mara kwa mara. Nguzo za paa ni nyembamba mno, usizikandamize.

Tairi za zamani ni plastiki laini ya vinili. Kilainishi chake huhamia kwenye polistirini na kuilainisha, ndiyo makovu hayo. Yakiwa ya juujuu, piga msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, umalizie kwa dawa ya kung'arisha. Tairi zihifadhi kwenye mfuko wake peke yake.

Tuma picha ya nguzo za paa kabla hujaloweka.