LDL Hasi 10: Kwa Wanaoanza Utafiti wa Homoni na Mafuta ya Damu

Katika wiki yangu ya tatu nikiwa mtafiti mchanga, nilimpelekea msimamizi wangu jedwali la matokeo nililokuwa nimelihakiki mara mbili, nikitarajia kusifiwa. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja akanyamaza. Kolesteroli ya LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, ya mshiriki mmoja ilikuwa hasi 10, na hakuna damu inayobeba kitu kilicho pungufu ya sifuri. Nikadhani nimekosea kuandika, kumbe kila tarakimu ilikuwa sahihi.

LDL ile haikuwa imepimwa, bali ilikokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: unachukua kolesteroli yote, unatoa HDL (ile iitwayo kolesteroli nzuri), kisha unatoa trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida ya damu, zilizogawanywa kwa 5, ikiwa vipimo ni miligramu kwa desilita. Mshiriki yule alikuwa na kolesteroli 200, HDL 30 na trigliseridi 900. Kanuni hiyo haitumiki trigliseridi zinapozidi 400, kwa sababu hapo dhana yake kwamba uwiano wa trigliseridi na kolesteroli ndani ya VLDL, chembe zinazobeba trigliseridi kutoka kwenye ini, ni uleule kwa kila mtu huporomoka. Msimamizi wangu hakunikemea. Alinipeleka kwenye jokofu, ambako plazima (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya mshiriki huyo ilikuwa imelala usiku kucha: juu yake palikuwa na utando mweupe kama malai, ambao ni kailomikroni, chembe zinazobeba mafuta ya chakula, zilizoelea, na chini yake majimaji yenye weupe wa maziwa kutokana na wingi wa VLDL. Laiti ningeichungulia mapema, nisingelihitaji kanuni yoyote kunionya.

Swali lililofuata lilikuwa la homoni: mafuta yale yamekwama kwa nini? Mshiriki alikuwa na kisukari kisichodhibitiwa. Insulini ndiyo huchochea kimeng'enya cha lipoprotini lipesi, kinachovunja trigliseridi kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na ndiyo huzuia tishu za mafuta kumwaga asidi za mafuta kuelekea kwenye ini. Inapopungua, ini hutengeneza VLDL kwa wingi huku njia ya kuiondoa ikizibana. Kwa hiyo anayedhani atasomea mafuta ya damu na kuwaachia wengine homoni amekosea mlango.

Tezi ya thairoidi itawafundisha jambo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Homoni zake zikipungua, vipokezi vya LDL kwenye ini hupungua pia, na kolesteroli hupanda. Msipopima TSH, homoni inayoichochea tezi hiyo, kabla ya kumsajili mshiriki, kisha daktari wake akamwanzishia levothairoksini, homoni ya thairoidi inayotolewa kama dawa, katikati ya utafiti, kolesteroli itashuka na dawa mnayoichunguza itapewa sifa isiyo yake. Waulizeni pia kuhusu vidonge vya biotini, aina ya vitamini B, kwani dozi kubwa huvuruga baadhi ya mbinu za kupima TSH.

Kuhusu wanyama wa majaribio, simulizi ya mtafiti wa Kijapani Akira Endo husimuliwa kama simulizi ya uvumilivu, kwa kuwa yeye na wenzake walichunguza vijidudu zaidi ya 6,000 kabla ya kupata kompaktini, ya kwanza kati ya statini, dawa za kushusha kolesteroli. Mimi naisoma kwa jicho jingine. Kompaktini haikushusha kolesteroli ya panya, na mradi ulikaribia kufa hapo, hadi ilipojaribiwa kwa kuku wanaotaga na kolesteroli yao ikashuka. Panya hubeba sehemu kubwa ya kolesteroli yake katika HDL, tofauti na binadamu, kwa hiyo kabla ya kuagiza wanyama andikeni kwa sentensi moja sababu ya kumchagua huyo.

Msiamini namba nzuri kupita kiasi, pia. Torsetrapibu, dawa iliyokuwa ikijaribiwa, ilipandisha HDL kwa takriban asilimia 70 na kushusha LDL, lakini jaribio lake kubwa lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu vifo vilizidi miongoni mwa walioitumia. Dawa hiyo ilikuwa ikipandisha shinikizo la damu na aldosteroni, homoni ya tezi za adrenali, ambayo kwa mtu anayetazama mafuta peke yake ni rahisi kuisahau.

Mwezi wenu wa kwanza, basi, msiuanzie kwenye kompyuta. Kaeni na muuguzi anayetoa damu. Mtaona kwamba mkanda ukikazwa mkononi kwa dakika kadhaa, maji hutoka kwenye mshipa na kolesteroli husomeka juu kuliko ilivyo, na kwamba mshiriki aliyelala husomeka chini kuliko aliyesimama. Fomu zangu zina visanduku vitatu ambavyo wageni huviona vya ajabu: saa ya mlo wa mwisho, mkao wa mshiriki, na muda ambao mkanda ulikaa mkononi. Sampuli isiyojazwa visanduku hivyo haiingii katika jedwali langu.