Usinunue mashine ya mawimbi kabla hujaminya makapi

Dada wa Kyela, umeuliza kama ununue kifaa cha mawimbi ya sauti ili uache kuchemsha chikichi na mawese yako yabaki na virutubisho. Usikimbilie.

Mawimbi hayo hutetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, sikio haliyasikii. Yakipita kwenye rojo ya chikichi huzaa viputo vidogo mno. Vikipasuka hubomoa kuta za seli, mafuta yanatoka bila moto mkali. Sawa. Lakini kuchemsha si kulainisha tu, kunaua pia kimeng'enya kinachoharibu mafuta. Chikichi zilizopondeka zikilala siku tatu kwenye kiroba, hakuna mashine itakayokuokoa.

Mimi ningeanza na makapi. Yakitoka tu kwenye kinu, chukua konzi moja uiminye. Vidole vikitapakaa rangi ya chungwa, basi unatupa mafuta. Rangi hiyo ndiyo karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kinu cha skrubu kinachobana sawasawa kitakulipa mapema zaidi.

Na jikoni, jamani, acheni kuunguza mawese mpaka yawe meupe! Karotini mnaiua wenyewe.