Anayekutaja bila kulipwa

Barua za wiki hii zinaulizia jambo moja: nani anaitaja tovuti yangu, na Google inajali nini?

*Nina nyumba ya wageni Mji wa Kale, Mombasa. Kijana anataka shilingi 5,000 anipatie viungo 500 (link), yaani maneno ya kubofya kwenye tovuti nyingine yanayomleta msomaji kwangu, nifike ukurasa wa kwanza wa Google. Nimpe?*

Usimpe, dadangu. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Stanford, walichapisha wazo lao mwaka 1998: tovuti inayomwelekeza msomaji kwa nyingine inaitolea ushahidi, na ushahidi wa anayeaminika ndio wenye uzito. Ukitafuta nyumba ya kupanga Kibokoni unafanya vivyo hivyo. Neno moja la jirani anayemjua mwenye nyumba unalisikiliza kuliko madalali kumi.

Hao 500 ni mashahidi wa kukodi. Aprili 2012 Google ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizotegemea viungo vya kununua zikaporomoka. Tangu 2016 badiliko hilo zaidi huvipuuza tu viungo vya aina hiyo. Huenda usiadhibiwe, lakini 5,000 zako zitakuwa zimekwenda bure.

*Nauza leso Biashara Street. Tovuti ninayo, hakuna anayeitaja, na pesa za matangazo sina.*

Mamangu, wewe ndiye tajiri kati ya walioniandikia. Msichana aliye London ameletewa doti ya leso na shangazi yake, anataka kujua jina la leso ile lina maana gani na kwa nini amepewa yeye. Maswali kama hayo unayajibu dukani kila siku, na yanapotea hewani. Yaandike! Weka ukurasa wa majina ya leso unazouza, kila jina na maana yake na wakati wa kuivaa. Mwingine ueleze pindo na mji, yaani sehemu ya katikati ya leso. Mwingine uwe wa kisutu na harusi. Picha piga mwenyewe, mchana, leso imetandazwa yote.

Kisha fikiria nani anazihitaji kurasa hizo: mwalimu wa Kiswahili, mpambaji wa maharusi, mwongoza watalii wa Fort Jesus, mwandishi wa mitindo. Mwandikie kila mmoja kwa jina lake, mistari mitatu inatosha: nimesoma ulichoandika kuhusu leso, nina ukurasa unaoeleza zaidi, ukikufaa utumie. Barua moja iliyonakiliwa kwa watu 200 haisomwi. Wala usimpangie maneno ya kuweka kwenye kiungo. Viungo 20 vyote vikisema “leso bei nafuu Mombasa”, yeyote ataona vimepangwa. Wengi hawatakujibu, usivunjike moyo. Mwalimu mmoja akikutaja kwenye somo lake, ukurasa huo utakuletea wasomaji hata Google isipohesabu chochote.

*Shemeji yangu ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tutajane kwenye tovuti zetu?*

Kama wateja wako wanaagiza mizigo, mtaje. Kubadilishana viungo na kila mtu kwa ajili ya kuhesabu tu, Google inakukataza waziwazi.

*Hoteli ya Nyali imenipa malazi ya siku mbili bure ili niiandikie na kuiwekea kiungo. Nina kosa?*

Kuandika si kosa, kuficha ndiko kosa. Mwambie msomaji mwanzoni kabisa kwamba hukulipia malazi. Ndani ya msimbo (HTML) wa kiungo weka rel="sponsored", alama iliyoletwa na Google mwaka 2019 kwa viungo vilivyolipiwa; ile ya zamani, nofollow ya 2005, nayo inakubalika. Hoteli ikikuomba uiondoe alama, hapo inanunua jina lako, na mimi ningekataa.

*Nilishanunua viungo mwaka jana. Nifanyeje?*

Fungua Google Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, utazame kama kuna adhabu iliyowekwa na wafanyakazi wa Google. Kama haipo, acha kununua, basi, uendelee na kazi yako. Kama ipo, waandikie wenye tovuti hizo waviondoe viungo. Watakaokataa, waorodheshe kwenye faili ya kuvikana viungo (disavow), inayoiomba Google isivihesabu, chombo kilichopo tangu Oktoba 2012. Halafu peleka ombi la kukaguliwa upya, na humo useme kweli: ulinunua kwa nani, umeondoa vingapi, vimebaki vingapi.