Kopo lililobonyea: maswali yenu kuhusu kulinda moyo

Wiki hii barua zenu nyingi zimegusa jambo moja, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo Mama. Kanisani kwetu kila semina ya vijana ni "linda moyo wako", na mwisho wake mabinti tunaambiwa tusipende haraka. Kweli mstari ule unasema hivyo tu? (Binti, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Mapenzi yamo, ila hayapo peke yake. Mithali 4:23 inasema: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Kwa Waebrania moyo ndipo mtu alipowazia, akapanga na kukata shauri. Hayo sisi leo tunayaweka kichwani. Na sura ile ni baba anawausia wanawe, hakuna mahali palipoandikwa mabinti. Wakumbushe viongozi wako hilo, kwa adabu.

Soma na mistari minne inayofuata, utakuta kinywa, macho na miguu. Yaani mwandishi akishasema moyo, anahamia hapohapo kwenye viungo unavyovitumia tangu asubuhi. Na neno lenyewe ni chemchemi. Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kufafanuliwa sana: maji yetu mengi hutoka Mto Ruvu, na mwaka 2022 mto ulipopungua, hata mwenye bomba la bei mbaya jikoni alifungua akasikia upepo.

Nikiacha bongofleva nitakuwa nimelinda moyo? (Mwanakwaya, Temeke)

Utakuwa umelinda masikio. Zipo nyimbo za kuacha, unazijua bila mimi kukutajia. Lakini nawajua watu wanaosikiliza kwaya kutwa kucha, na mtaani kwao hakuna jirani aliyepona ulimi wao.

Bwana Yesu asifiwe Mama. Nauza vitenge Kariakoo. Bosi ananipa lebo nibandike, mteja akiuliza nimwambie ni waksi OG, yaani halisi, kumbe siyo. Moyoni sikubaliani nalo kabisa, ila nina kodi ya chumba. Mungu si anaangalia moyo? (Kijana, Buguruni)

Amina, mwanangu. Swali lako limenikalisha kitako, kwa sababu jibu lako nililitumia mimi mwenyewe, tena kwa muda mrefu.

Niliuza mchele Tandika miaka ya nyuma. Kupima tulipimia kopo. Jioni moja nililigeuza kopo langu juu chini, nikaweka kitambaa ili lisipige kelele, nikaligonga kwa nyundo mpaka tako likaingia ndani, kina kama cha vidole viwili. Kwa juu lilikuwa kopo lilelile, mteja analiona limejaa mpaka linamwagika. Nikajiambia kama unavyojiambia: moyo wangu haumo, ni maisha tu.

Mwezi wa kwanza niliwaonea huruma wateja wangu. Wengine niliwaongezea kiganja cha mchele juu, kama kuomba radhi. Mwezi wa pili kile kiganja kikakoma. Mwezi wa tatu nikaanza kuwadharau: mtu gani ananunua bila kuchungulia chini ya kopo? Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa umefika, na sikuupeleka kwa mawazo mabaya. Mkono ndio ulioupeleka, kopo kwa kopo.

Basi siku moja mtoto wangu, wakati ule alikuwa darasa la pili, akaliinua lile kopo akalitazama chini. "Mama, hili lilianguka?" Nikamjibu ndiyo.

Ndiyo maana nakwambia moyo usioukubali uongo ambao mdomo unausema kila siku haukai hivyo muda mrefu. Paulo katika Waefeso 6:14 anamvika Mkristo "dirii ya haki kifuani". Dirii si dera, mabinti. Ni vazi la vita, lile lililomfunika askari kifua. Na neno haki hapa Dar limezoeleka kwa kudai: haki yangu, mafao yangu, zamu yangu kwenye foleni. Pale Paulo anazungumzia unyofu, mtu kutenda lililo sawa. Ukiuvua unyofu saa mbili asubuhi dukani na kuuvaa jioni kwenye maombi, kifua kimeshinda wazi mchana kutwa, na mishale haisubiri jioni.

Sikwambii utupe funguo kesho, kodi naijua. Danieli alikuwa katika jumba la mfalme wa Babeli, na hakutoroka. Aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kisha akamwendea msimamizi kwa heshima akamwomba majaribio ya siku 10. Nenda kwa bosi na ombi la namna hiyo: siku 10 uuze kitenge kwa jina lake halisi, kwa bei inayolingana, muone mauzo. Akikataa, angalau mdomo wako usiseme OG, na lebo abandike mwenyewe. Huku ukitafuta pengine pa kufanyia kazi, kimyakimya. Kariakoo ina maduka mengi.

Kopo? Nilinunua jipya. Wateja hawakujua kitu. Wawili watatu walisema mchele wangu siku hizi "una baraka", nikaona aibu kuliko kama wangenitukana.

Mama, nakusoma siku nyingi. Naona unaelekea kufundisha kwamba matendo yanaokoa. Yeremia 17:9 inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Kitu kibovu unakilindaje? (Mzee wa kanisa, Ubungo)

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni ya kweli na nisingependa niipite. Moyo wa zamani haulindwi, unabadilishwa. Ezekieli 36:26 Mungu mwenyewe anasema atawapa watu wake moyo mpya. Waefeso 2:8 na 9 inatuambia tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Hapo hatugombani. Ila wengi wetu hukunja Biblia kwenye mstari wa 9, na wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Mtu hapewi dirii ili awe askari. Ameshaandikishwa, ndipo anaambiwa avae.

Na bado kuna ulinzi usio wetu. Katika Wafilipi 4:7 Paulo anasema amani ya Mungu itaihifadhi mioyo yao, na neno la Kigiriki alilolitumia ni la kijeshi, la askari waliowekwa kulinda mji. Filipi ulikuwa mji wa koloni la Kirumi, walimwelewa. Jambo linalonigusa mimi ni kwamba Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, yeye mwenyewe chini ya ulinzi.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Usiku wakilala naangalia picha chafu kwenye simu. Nimefuta programu mara nne, zinarudi. Kwenye mwendokasi asubuhi siwezi hata kusali. (Kimara)

Pole baba, na ahsante kwa kuandika, najua haikuwa rahisi.

Kufuta ni kufagia. Yesu katika Mathayo 12 alisimulia nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini tupu, na pepo akarudi na wenzake saba. Umefagia mara nne. Bado hakuna aliyehamia. Saa nne mpaka saa sita usiku, ambazo umezitaja, ziwe na mwenyeji: lala mapema na mkeo, soma Zaburi kwa kitabu cha karatasi, au hata fua soksi za watoto, sitanii. Simu ichajiwe sebuleni. Utasema ndiyo inayokuamsha saa kumi na moja, basi nunua saa ya mezani yenye kengele. Na mtafute mwanamume mmoja unayemheshimu, si kundi, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Asubuhi kwenye basi usipoweza kusali maneno mengi, Zaburi 51:10, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi", inatosha kituo hadi kituo.

Tumsifu Yesu Kristo. Nilimkopesha mwenzangu wa kwaya shilingi 180,000 nilizochukua kikoba. Huu ni mwezi wa saba hajanilipa. Akiimba pambio natoka nje. Sasa nimeamua kulinda moyo wangu: sisalimii, sikopeshi, simzoei mtu. Nakosea? (Mama, Mwenge)

Milele amina, mama. Kutokopesha tena hela ya kikoba ni busara, hapo hukukosea. Hayo mengine umeyaita kulinda, mimi naona umefunga. Mlinzi wa geti akigoma kumfungulia kila anayebisha, mwenye nyumba naye atalala nje. Waebrania 12:15 inaonya juu ya shina la uchungu linalochipuka na kuwatia watu wengi unajisi. Hebu hesabu: alianza yeye, sasa umeacha kusalimia kwaya nzima.

Mathayo 18:15 inasema ndugu yako akikukosa, mwendee ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Katika barua yako ndefu umewataja watu watano uliowasimulia deni hili, na yeye hayumo. Deni lidai, ni lako. Muulize anaweza kuanza na ngapi, hata 10,000 kwa wiki, na mkubaliane siku. Mazoezi yenu umesema ni Alhamisi saa kumi na moja. Mfuate kabla hayajaanza, na daftari la kikoba liache nyumbani.