Marehemu "aliweza" kufariki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako, fundi cherehani wa hapa Mpwapwa. Wiki iliyopita niliweza kwenda Dodoma mjini kununua vitambaa, na wakati wa kurudi niliweza kusubiri gari masaa mawili. Kijana mmoja pale stendi akanidaka, akaniambia hakuna neno masaa, sema saa mbili. Nikamjibu, nikisema nimesubiri saa mbili si utadhani nilikuwa nangoja saa mbili ya usiku ifike? Akacheka, akaniona mshamba. Naomba uweze kutuamua.

JIBU: Marahaba, fundi. Nianze na ulichouliza, maana hakina safari ndefu.

Kijana yuko upande wa kitabu. Saa ni neno la Kiarabu, na lilipoingia kwetu likakaa kwenye ngeli ya I-ZI, ambako umoja na wingi vinafanana: barua mbili, ndizi mbili, saa mbili. Hiyo ma- tumeibandika wenyewe. Hofu yako ya kuchanganya muda na wakati ina msingi, ila lugha imekwisha kuitibu: "nilisubiri kwa saa mbili" ni muda, "nilisubiri hadi saa mbili" ni wakati. Kwa na hadi zinatosha.

Lakini kwa masaa nimechoka kugombana na watu. Mtu aliyesimama stendi jua la Dodoma likimpiga utosini akisema "nimekaa hapa masaa", hiyo ma- imebeba lawama ambayo saa peke yake haiibebi. Basi, mdomoni sema masaa, kwenye barua ya ofisini andika saa. Lisaa ndilo sitaki. Mwenye hasira akisema "lisaa lizima nakungoja!" namwelewa, kalikuza neno kwa makusudi, kama anavyosema lijitu au lidude. Mtangazaji je, anayesema kwa sauti laini kwamba mechi itaanza baada ya lisaa limoja? Saa hiyo imemkosea nini?

Mmetoka sare wewe na kijana. Sasa tuje kwenye barua yenyewe.

Uliweza kwenda Dodoma. Uliweza kusubiri. Na mwisho unaomba niweze kuamua. Fundi, barabara ilikuwa imekatika? Ulikuwa umevunjika mguu? Kama ulipanda gari, ukalipa nauli, ukashuka mjini, basi ulikwenda. Na kusubiri gari ni kazi ambayo hata asiyeweza anaifanya, hakuna atakayempa mtu hongera kwa hilo.

Usidhani nakuonea. Wewe umeambukizwa tu. Ugonjwa huu uko redioni, uko kwenye taarifa za ajali, uko kwenye mihtasari ya vikao, na nyumbani kwake hasa ni kwenye kipaza sauti cha mshereheshaji. Siku hizi kuweza kunamwagwa juu ya kila kitenzi kama mlenda juu ya ugali wa uwele, ili kiteleze. Tofauti ni kwamba mlenda una ladha.

Kitenzi hiki kina heshima zake. Ni cha Kibantu, chetu hasa, na kimezaa watoto wengi: uwezo, uwezekano, kuwezesha, na Muweza wa yote ambaye ni Mungu peke yake. (Mwenyezi hayumo katika ukoo huu, ingawa wengi wanamtia humo. Huyo ni mwenye enzi.) Kazi zake zinajulikana. Kinasema nguvu au ujuzi: anaweza kubeba gunia la mahindi peke yake. Kinasema ruhusa: unaweza kuingia. Kinasema jambo ambalo huenda likawa: ng'ombe anaweza kupotea. Kikiingia katika wakati uliopita, mara nyingi huwa kinadokeza kwamba palikuwa na kikwazo na mtu amekishinda. "Aliweza kuvuka korongo" maana yake korongo lilikuwa limejaa maji. Kama lilikuwa kavu, alivuka, basi.

Sasa sikiliza taarifa ya habari. "Mwendesha bodaboda mmoja ameweza kufariki dunia papo hapo baada ya pikipiki yake kuweza kugongana uso kwa uso na lori." Soma tena polepole. Marehemu ameweza. Alikuwa akijaribu siku nyingi, ikawa inashindikana, leo Mungu kamjalia. Na pikipiki nayo imeweza, maana kulipata lori uso kwa uso si mchezo.

Nina kipimo kimoja cha kuikamata kuweza ya uongo: ikanushe. Sentensi ya kweli ikikanushwa inabaki na akili. "Aliweza kuvuka korongo", "hakuweza kuvuka korongo": zote mbili ni habari. Chukua sasa ile ya redio: "mwendesha bodaboda hakuweza kufariki dunia." Huyo ni mtu aliyetaka kufa ikashindikana, na si habari ya ajali tena. "Ng'ombe wanane waliweza kuibwa." Kanusha: "ng'ombe wanane hawakuweza kuibwa", walijitahidi lakini wapi. "Mama huyo aliweza kupigwa na radi." Kanusha mwenyewe, mimi naona aibu.

Na lipo jambo la zamani linalozidisha uchungu. Katika Kiswahili cha wazee, cha pwani hasa, ukiambiwa "fulani hawezi" maana yake fulani ni mgonjwa. Huulizi hawezi nini. Unavaa viatu unakwenda kumtazama. Kwa lugha hiyo anayeweza ni mzima. Kwa hiyo "aliweza kufariki" ni kusema marehemu alikuwa na afya ya kutosha kufa.

Hapa Dodoma tuna sababu ya ziada ya kuona haya. Jina la mji, kama wasimulizi wanavyolieleza, limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani limedidimia, kwa kisa cha tembo aliyekwenda kunywa maji akazama topeni. Wagogo walimwona tembo, wakasema kilichotokea, wakaendelea na shughuli zao, na neno moja likawa mji. Tembo huyo angezama leo ingekuwa hivi: "Tembo mmoja ambaye jinsia yake haikuweza kufahamika mara moja, ameweza kudidimia katika eneo la tope ambapo wananchi waliweza kujitokeza kwa wingi ili kuweza kushuhudia suala zima la tukio hilo." Jaribu kuupa mji jina kutokana na hiyo.

Nilisema nyumbani kwake ni kwa mshereheshaji. Nilikuwa kwenye harusi moja maeneo ya Kisasa, ukumbi umependeza, zabibu za hapahapa mezani. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Sasa tunamuomba bwana harusi aweze kusimama, ili aweze kumshika mkono bibi harusi, waweze kusogea mbele waweze kukata keki, ili nao wazazi wetu waweze kushuhudia na mpiga picha aweze kuchukua kumbukumbu." Nikamtazama bwana harusi. Kijana wa miraba minne, mabega kama ya mpanda milima, na nusu saa kabla ya hapo alikuwa ameingia ukumbini akicheza mpaka jasho likamtoka. Miguu anayo miwili. Anaombewa aweze kusimama kana kwamba ndiyo kwanza anatolewa plasta. Bibi harusi naye, kwamba mkono wake unahitaji maombi ndipo ushikike! Na wazazi waliokuwa wamekaa kiti cha mbele kabisa, macho yote manne yako kwenye keki, tunawaombea waweze kuona.

Kinachoudhi ni kwamba Kiswahili kimekwisha kufanya kazi yote hapo, bure. Irabu e mwishoni mwa kitenzi ndiyo ombi lenyewe: asimame, amshike mkono, wasogee, wakate keki, wazazi washuhudie. "Asimame" ina silabi nne. "Aweze kusimama" ina saba. Hizo tatu za ziada hazikumpa bwana harusi adabu yoyote ambayo "tunamuomba" haikuwa imempa tayari. Ukitaka adabu zaidi sema tafadhali. Ukitaka zaidi ya hapo, punguza sauti ya spika.

Kwenye mihtasari ya vikao hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pale mtu ameketi, ana kalamu, ana nafasi ya kufikiri. Nimeletewa muhtasari mmoja wa kikao cha mtaa nisaidie kuupitia. Mwenyekiti aliweza kufungua kikao saa 4:00 asubuhi. Katibu aliweza kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Wajumbe waliweza kuupitisha. Kwenye yatokanayo, mjumbe mmoja aliweza kuuliza kuhusu bomba lililopasuka, na mwenyekiti aliweza kujibu kwamba fundi ataweza kuja. Kikao kiliweza kufungwa saa 7:30 mchana. Ukisoma unadhani ni mkutano wa wagonjwa waliopata nafuu. Nilifuta kuweza zote, nikaacha moja tu, ile ya fundi wa bomba, kwa kuwa hiyo kweli ilikuwa na mashaka.

Wapo wanaosema tumeiga Kiingereza. Sikubaliani nao sana, maana hata muuza nyanya wa Soko la Majengo ambaye Kiingereza hakimhusu, akiwekewa kipaza sauti mdomoni ataanza: "Mimi niliweza kuanza biashara hii..." Toa kipaza sauti, atakwambia "nilianza na tenga moja la nyanya", safi kabisa. Kwa hiyo mimi naona chanzo ni woga. Tumeamini kwamba kitenzi kilichosimama peke yake kiko uchi, hakifai mbele za watu, lazima kivishwe. Shule nayo inachangia: mtoto akiambiwa aandike insha ya maneno 250 anagundua upesi kwamba "nilikwenda" ni neno moja na "niliweza kwenda" ni mawili.

Lakini hasara kubwa siyo urefu, ni -ka-. Hapa naomba fundi unisikilize, maana barua yako ndiyo iliyonionyesha. Kiswahili kina kiambishi cha kusimulia ambacho lugha nyingi zingekiazima kama kingeazimika: nilikwenda, nikasubiri, nikapanda, nikafika. Wakati unautaja mara moja mwanzoni, kisha -ka- inavuta matukio yote yaliyobaki kwa mfuatano wake, bila "baada ya hapo" wala "ndipo nilipoweza". Simulizi za mchungaji aliyekutana na fisi usiku ni -ka- tupu: akatokea, akaniangalia, nikapiga mluzi, akageuka. Kuweza ndiko kunakoila nafasi hiyo. Watu wanasimulia "niliweza kuamka, niliweza kuoga, niliweza kupanda daladala", kila kitenzi kinaanza safari upya kama gari linalozimika kila kituo.

Sasa tazama ulivyoandika mwenyewe. Ulipokuwa unanieleza safari kwa utulivu, ulisema niliweza, niliweza. Ulipofika kwa yule kijana damu ikachemka, na kalamu ikasema: akanidaka, akaniambia, nikamjibu, akacheka, akaniona mshamba. Vitenzi vitano, hakuna hata kuweza moja, na hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika barua yako. Hasira ilipokwisha, ukarudi: naomba uweze kutuamua. Ungeandika barua nzima ukiwa umekasirika nisingekuwa na la kusema.

Sijaipiga marufuku kuweza. Mtu aliyesoma mpaka chuo kwa kuuza karanga aliweza kusoma, na atakayemfutia neno hilo atakuwa hana haki. Kamati iliyoahidi kumaliza kisima kabla ya kiangazi, ikamaliza, iliweza. Hata "Bunge liliweza kupitisha bajeti" naivumilia, kwa kuwa Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo kisheria lipo la kushinda, ingawa sikumbuki Juni niliyokaa roho juu nikingoja matokeo. Na ukiandika mwezi wa Novemba kwamba mvua inaweza kunyesha Dodoma wiki hii, sitakugusa. Hapo weka kuweza hata mbili.